Kompyuta Bubu na Harusi ya Rehema

Jumatatu, 16 Juni

Chai. Dawa ya mguu. Kompyuta. Hakuna sauti.

Nimefungua taarifa ya habari. Msomaji anafungua mdomo, anafunga. Sauti, kwa kipimo cha redioni: sifuri kwa tano. Jana asubuhi ilikuwepo. Kilichobadilika ni skrini kubwa aliyonitumia Rehema ili nione harusi yake vizuri Jumamosi. Naona vizuri sana. Sisikii kitu.

Niandike hali ilivyo, maana kichwa kimeanza kuchemka. Binti yangu anaolewa Nairobi. Mimi ndiye walii. Mwezi uliopita nilianguka kwenye ngazi nikirekebisha antena, hospitali ya Mulago wakanifunga plasta mpaka pajani, safari hakuna. Sheikh wa kule amekubali nimwoze kupitia kompyuta kwa sharti: auone uso wangu, nami nimsikie bwana harusi kwa masikio yangu akisema amekubali. Nisiposikia, ataoza mdogo wangu Juma.

Juma ni mshereheshaji wa harusi. Anakaa Nairobi. Ana maikrofoni yake mwenyewe, hata kwenye matanga huenda nayo. Sitaki Juma amwoze mwanangu.

Miaka ishirini na mbili nilikuwa mtu wa redio jeshini. Nimepokea amri katikati ya mvua na radi. Hili sanduku liko mezani kwangu, hapahapa Makindye, Kampala. Halinishindi.


Jumanne, 17 Juni

Nimepata kosa la kwanza. Kompyuta ilikuwa inapeleka sauti kwenye skrini mpya. Skrini haina spika. Yaani tangu juzi msomaji wa habari anazungumza na ukuta. Nimeingia kwenye mipangilio, nikaichagulia spika zangu za zamani. Sauti ikaja, nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Moja kwa tano.

Kompyuta hii inatumia mfumo wa Linux. Rehema ndiye aliyeiweka. Alisema ni bure na haishikwi na virusi. Hakusema kwamba ikinyamaza inanyamaza na mtu wake.

Yeye mwenyewe siwezi kumuuliza. Ni bibi harusi, wamemfungia ndani anasuguliwa manukato, simu wamemnyang'anya mpaka Jumamosi. Ndivyo tunavyofanya sisi Wanubi na sina ugomvi na mila. Lakini mila haikujua kuhusu Linux.

Jioni nikasoma kwenye intaneti. Unafungua dirisha jeusi, unaandika alsamixer, zinatokea nguzo za rangi. Nguzo kuu ilikuwa chini kabisa. Nikaipandisha mpaka juu. Habari ikanguruma! Tano kwa tano! Dada Zaituni akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani wamekuja wageni. Nilifurahi mpaka nikamsamehe Juma mambo ya mwaka jana.

Ikafika magharibi. Adhana, sala, chakula. Nikarudi kwenye kiti.

Sifuri.


Jumatano, 18 Juni

Mama Rehema ameondoka alfajiri na basi la Nairobi. Amebeba simu kubwa, ile ya picha. Kwangu imebaki kabiriti, simu ndogo ya vitufe, ambayo ilianguka nami kutoka kwenye ngazi. Inapokea na kutuma ujumbe wa maandishi tu. Haisemi, haisikii. Tumebaki wagonjwa wawili.

Ananihudumia Dada Zaituni, mkubwa wangu kwa miaka tisa. Anapika vizuri. Mimi Ramadhani ananiita Ramazani, na mbele ya watu ananiuliza kama nimeenda choo.

Leo nguzo kuu haiko chini. Ina herufi MM, maana yake imezibwa. Unabonyeza M, zinageuka OO, imezibuliwa. Nimebonyeza. Sauti ikarudi. Nikasali adhuhuri nimekaa kitini. Baada ya sala: MM.

Nikazibua. Alasiri: MM, na safari hii hata nilipozibua sauti ilikuwa ya panya.

Nani anaiziba? Nimewaza jini. Nimewaza Juma. Juma ni rahisi zaidi kuamini.


Alhamisi, 19 Juni

Siku mbaya.

Nimeizima huduma ya sauti na kuiwasha tena, mara nne. Nimefuata maelekezo ya mtu mmoja wa mtandaoni, kisha ya mwingine aliyesema yule wa kwanza ni mjinga. Nimefuta faili ambalo sijui lilikuwa la nini. Asubuhi sauti tatu kwa tano. Mchana sifuri. Saa tisa ikawa nne kwa tano, nikashangilia, ikapigwa adhana ya alasiri, na nilipogeuka ikawa sifuri tena.

Saa kumi na moja tukafanya majaribio na Nairobi. Mama Rehema akatokea kwenye skrini, mzuri, hina mpaka kwenye kiwiko. Nikapaza sauti kama redioni, ambako ova maana yake nimemaliza, zamu yako: "Unanisikiaje? Ova!" Midomo yake ikacheza. Sikusikia kitu. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Akaondoka, akarudi na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wanja: TUNAKUSIKIA. USIPIGE KELELE.

Basi, wao wananisikia. Mimi ndiye kiziwi.

Nyuma yake akapita Juma, suti mpya, maikrofoni mkononi. Akanipungia. Anafanya mazoezi. Nimemchukia mdogo wangu wa tumbo moja, na naandika hivyo bila haya.

Usiku ujumbe ukaingia kwenye kabiriti: "Baba Rehema, sheikh anauliza kama tumwambie Juma ajiandae."

Nimejibu: "Hapana."

Dada Zaituni anashauri niazime simu ya Mama Achieng, jirani yetu Mkenya. Lakini anauza samaki sokoni Namuwongo, Jumamosi ndiyo siku yake kubwa, na wateja humwita kwa simu hiyohiyo. Halafu na mimi nina kiburi changu. Sitamwoza mwanangu kwa simu inayonuka samaki.


Ijumaa, 20 Juni

Nimemkamata adui. Ni wawili.

Asubuhi sauti ilikuwa nzima. Nikaamua kukaa lindo kama zamani. Hakuna chai, hakuna kusinzia. Macho kwenye kompyuta. Saa zikapita, habari inasomwa, kila kitu sawa.

Ikapigwa adhana. Dada Zaituni akatoka jikoni, hata hakunitazama, akanyoosha kidole kilichojaa unga, akabonyeza kitufe kwenye kibodi. Kile chenye picha ya spika iliyokatwa mstari. Akarudi jikoni.

Nikapiga kelele. "Dada! Ni wewe?"

"Mimi nini? Adhana naita, wewe naacha mashini napiga domo? Baba alitufunza hivyo?"

"Na kupandisha baadaye?"

"Kupandisha iko kazi yako. Mashini si yako?"

Nilitaka kumjibu. Nikaangalia chini kwanza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye kitasa cha spika. Nilikuwa nimekizungusha mpaka mwisho, kushoto. Sikukumbuka kukigusa.

Nimekaa muda mrefu nikiutazama mkono huo. Tangu tukiwa watoto kwenye nyumba za askari, adhana ikiita redio inashushwa. Aliye karibu anashusha. Hakuna anayefikiri, ni kama kufumba jicho. Zamani redio ilikuwa na kitasa kimoja, basi aliyeshusha na aliyepandisha walikutana palepale. Hii ina kitasa, ina kitufe, ina nguzo. Dada anaziba kwenye kitufe, mimi nashusha kwenye kitasa. Adhana ikiisha kila mtu anadhani mwenziwe atapandisha. Mara tano kwa siku. Na mimi nimefuta mafaili ya watu.

Nimeomba radhi kwa Linux, kimoyomoyo. Juma bado.

Nimetoa amri. Atakayeshusha sauti abane kibanio cha nguo palepale aliposhusha. Adhana ikiisha, vibanio vyote vinatolewa na sauti inapandishwa. Dada amesema ni upuuzi, lakini ameteua kibanio chake, cha bluu. Changu chekundu. Tumefanya mazoezi alasiri, magharibi na isha. Yamefaulu. Nimepandisha kila kitu mpaka juu, na mipangilio imeniruhusu kuvuka mia moja mpaka mia na hamsini, nikavuka.

Ndoa itafungwa saa sita u nusu. Adhana ya hapa ni karibu saa saba. Tutakuwa tumemaliza. Mpango hauna tundu.


Jumamosi, 21 Juni

Mpango ulikuwa na tundu. Nairobi jua hufika utosini kabla ya hapa kwa kama robo saa, na adhana yao pia. Na mimi ni mtu wa mawasiliano!

Nilivaa kanzu, kofia, plasta. Saa sita u nusu picha ikaja, na sauti tano kwa tano. Nilisikia hata bangili za wanawake. Sheikh akahutubia. Akahutubia tena. Hatimaye akageukia kamera: "Mzee Ramadhani, uko tayari?"

Hapo ikapigwa adhana. Ya Nairobi. Ikatokea ndani ya spika zangu kwa nguvu ya mia na hamsini.

Dada akaja mbio kutoka jikoni. Mimi mkono ukaenda wenyewe. Kimya kikaingia. Kwenye skrini wote wameinamisha vichwa. Nilibana kibanio changu chekundu kwenye kitasa, nikajisifu kwa nidhamu.

Vichwa vikainuka. Nikatoa kibanio, nikazungusha kitasa mpaka mwisho. Sifuri.

Nikatazama kibodi. Hakuna kibanio. Nikasema moyoni, basi hakuziba. Nikafungua mipangilio, mshale unakimbia kila mahali. Kwenye skrini sheikh anaongea na mimi, anangoja, anaongea tena. Anageuka pembeni. Na Juma, ndugu yangu, anasogea. Anasafisha koo. Anainua maikrofoni.

Nikahisi machozi. Miaka ishirini na sita nimemlea Rehema, na maneno mawili ya mwisho yatasemwa na Juma.

Nikamgeukia Dada nimlilie. Amesimama pembeni yangu, ameshika mdomo. Kibanio cha bluu kiko kwenye mtandio wake. Alikibana hapo asubuhi ili asikisahau.

Nikabonyeza kitufe.

"…KWA KUWA KAKA YANGU HASIKII…"

Pazia lilitikisika. Paka alitoka dirishani na hajarudi mpaka sasa. "Nasikia!" nikasema. "Tano kwa tano! Juma, weka chini hiyo maikrofoni!"

Nairobi wakacheka. Juma naye akacheka, akaiweka chini. Sikutarajia.

Nikasema maneno yangu. Abdalla, nimekuoza binti yangu Rehema kwa mahari tuliyoafikiana. Nilisema vizuri, sauti haikukatika. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza: "Ova."

Sheikh akafikiri. Akamnong'oneza mwenziwe. Akasema neno hilo halina madhara. Abdalla akasema, na mtaa mzima wa Makindye ukamsikia: "NIMEKUBALI KUMUOA."

Vigelegele vikaanza Nairobi. Halafu vikatoka upande wa pili wa ua wangu, kwa wanawake wanaofua ambao sikuwaalika. Dada alipiga cha mwisho, kirefu, kibanio bado kichwani. Nililia mbele ya kamera. Sijali.


Jumapili, 22 Juni

Chai. Dawa ya mguu. Mvua kidogo.

Paka amerudi. Dada amelala mchana wote, amechoka kwa niaba ya watu wa Nairobi. Juma ameleta ujumbe kwenye kabiriti: "Kaka, jana ulisema vizuri." Sijajibu. Nitajibu kesho.

Rehema alipiga asubuhi, uso umejaa skrini. Akauliza tatizo la sauti lilikuwa nini. Nikamwambia mipangilio. Akasema Abdalla sasa akiomba chai anamalizia na ova. Halafu akasema, "Baba, nilikusikia." Hapo tukanyamaza wote wawili, na kompyuta haikuwa na kosa.

Ilipopigwa alasiri nikashusha kitasa, ingawa hakuna kilichokuwa kinacheza. Nikabana kibanio chekundu. Nikasali.

Kisha nikakitoa, nikapandisha sauti tena mpaka juu, nikaangalia na kitufe cha Dada. Kiko wazi. Rehema akipiga, nitasikia.