Albamu Uliyotutumia, Yaya

Nguba, Bukavu
Jumapili, tarehe 3 Desemba 2000

Mpendwa Yaya Christine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu za Jumapili hii ya kwanza ya Majilio. Mvua imekatika sasa hivi na ziwa limekuwa jeupe kama maziwa. Habari za Liège? Shemeji Grégoire hajambo? Na Patrice, kile kikohozi kimemwacha? Tumesikia kwamba baridi imewahi kwenu mwaka huu, na Papa kila jioni anauliza kama mmewasha moto ndani ya nyumba. Sisi huku tuko wazima. Magoti ya Papa yanamuuma mvua ikikaribia, lakini anakula vizuri. Mtoto wetu Sagesse ameingia mwaka wa nne wa shule ya msingi na meno ya mbele yamemtoka yote makubwa. Emile, mume wangu, bado ana kazi yake. Mimi nami, kwa upande wa mwili, sina neno.

Barua hii anaibeba Masera Noëlla, mtawa wa parokia yetu. Kesho anavuka kwenda Cyangugu, halafu Kigali, halafu huko kwenu. Ndiyo sababu naandika yale ambayo siwezi kuyasema kwa simu. Mara mbili Emile alinivusha mpaka ng'ambo tukupigie, na mara zote mbili nilisema tuko sawa, tuko sawa, halafu nikamwachia yeye simu. Mara ya pili ulimuuliza kama ile albamu tumeianza. Akaniangalia mimi. Nikatoka nje ya kile kibanda cha simu.

Yaya, leo nakujibu.

Ilipotufikia wakati wa Pasaka sikuelewa ni kitu gani. Sisi tumezoea albamu za kubandika kwa gundi. Hii yako kila ukurasa ni mifuko mitupu ya nailoni, mingine midogo kama kitambulisho, mingine mipana kama bahasha. Na kikaratasi chako juu: tusitie sikukuu, tutie maisha ya kila siku. Sufuria jikoni. Karatasi ya sokoni. Maneno mawili kuhusu siku yenyewe. Uliandika kwamba Patrice anauliza nyumbani kwa mama yake kukoje na huna cha kumwonyesha. Chini ya albamu kulikuwa na kamera ndogo na filimu mbili zilizofichwa ndani ya soksi.

Nisikufiche, nilikasirika. Wakati ule robine ya maji ilikuwa imekauka wiki ya tatu, tunapanga mstari kwenye chemchemi tangu saa kumi na moja alfajiri na mabidoni yetu. Makala ya kupikia yalikuwa yamepanda bei kwa sababu barabara za vijijini zilifungwa. Nikajisemea, angalia huyu, anataka picha za taabu yetu azitie kwenye nailoni. Nikaifunga tena katika karatasi yake na kuiweka juu ya kabati.

Filimu ya kwanza niliimaliza mwezi wa sita. Ofisini tulikuwa tunasherehekea miaka ishirini na tano ya kazi ya mkuu wetu, na mimi, katibu wake, ndiye niliyekuwa na kamera. Picha thelathini na sita. Maman alikuja kutusaidia kupika tangu asubuhi, yeye na wamama wawili wa jirani. Sambaza wa ziwani, sombe ya majani ya muhogo, kuku, bugali wa kujaza mabeseni manne. Nimezipekua picha zile zote, Yaya, siku nyingi, moja moja, karibu na dirisha. Chakula chake kimo katika picha tano. Yeye hayumo hata katika moja.

Unajua kwamba za zamani zote zilikwisha mwaka wa tisini na sita. Tuliporudi kutoka Walungu tulikokimbilia vita, nyumba ilikuwa imebaki kuta, na sanduku la picha lilikuwa limekwenda na godoro na milango. Ikabaki picha yake ya kitambulisho, ambayo daima alitembea nayo, na ile ya ndoa yako iliyo kwako, pale aliposimama kama askari na midomo imefungwa ili pengo lisionekane. Maman yule si Maman. Wewe na mimi tunajua alivyokuwa akicheka.

Sasa nifike kwenye lile linalonizuia kulala vizuri.

Tarehe kumi na sita Agosti, kesho yake baada ya sikukuu ya Kupalizwa, alikuwa anakwenda Sange kumwona Maman mudogo Bintu, mdogo wake, aliyekuwa amejifungua. Tulimkataza. Emile alimwambia barabara ya tambarare ya Ruzizi si ya kuamini, leo inapitika, kesho hapana. Akasema mutoto mchanga hangoji vita iishe ndipo apokewe. Unamjua.

Asubuhi ile alisimama kwenye mlango wa jiko akiwa amejifunga kikwembe cha bluu kilichopauka na triko lile lililotoboka kiwiko. Kapu lilikuwa tayari: sabuni, unga, nguo za mtoto. Mimi nilikuwa natafuta kiatu cha pili, nachelewa kazini. Akaniita.

"Jeanine, leta ile kamera. Unipige foto."

"Sasa hivi, Maman? Hauyachana hata kichwa. Na lile triko!"

"Kila siku niko hivi. Christine ananijua hivi."

"Ataona aibu kuwaonyesha wazungu."

"Haiko ya wazungu. Iko ya Christine na mutoto wake. Piga moja tu, nasikia dereva anaita."

Kamera ilikuwa juu ya kabati, hatua sita kutoka niliposimama. Filimu ya pili, ya picha ishirini na nne, nilikuwa nimeshaitia. Yaya, haukuwa uchelewaji, wala hazikuwa nywele. Ulikuwa wivu. Ni miaka sita tangu uondoke, na katika nyumba hii kila kizuri kilikuwa cha Christine. Nguo nzuri ikunjwe, Christine atakuja. Mimi niliyembeba mgongoni kwenye mto kule Walungu, mimi niliyekuwa nikimkanda miguu kwa mafuta kila jioni, sikuwahi kusikia akisema anataka picha yake ikae kwangu. Nikajibu bila kumtazama.

"Siku ya posho, Maman, ukirudi. Ujitengeneze kwanza, nitapiga hata kumi."

Halafu akacheka, akasema, "Haya, siku ya posho basi. Nitarudi nimesuka." Akachukua kapu lake akaenda.

Jumamosi ile, siku ya posho, alipanda kamioni ya kurudi. Hayo Emile alikwambia: jinsi walivyoshambuliwa kabla ya kufika Luvungi, jinsi ambavyo hadi leo hakuna anayejua kwa hakika ni kundi gani, jinsi wanakijiji walivyowarudisha Sange na kuwazika siku iyo hiyo kwa hofu. Barabara ilifungwa majuma matatu. Hatukumwona. Tulilia mbele ya kiti chake, na misa ya wafu tuliisoma bila jeneza wala picha. Padri aliuliza kama hatuna hata ndogo ya kuweka juu ya meza. Papa akanigeukia mimi, kwa sababu alijua kuna kamera nyumbani. Nikatikisa kichwa.

Ambalo Emile hakukwambia, kwa kuwa mimi nilimwomba asikuambie, ni hili. Mwezi wa kumi Maman mudogo Bintu alifaulu kutufikia, na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kitanda changu akanieleza siku zile tatu. Alisema Maman alimuogesha mtoto, alilala mchana, jambo ambalo hapa halikuwahi kumtokea. Ijumaa mchana aliomba asukwe. Bintu akamwambia apumzike, mikono yake yeye ilikuwa bado dhaifu kwa uzazi. Maman akakataa.

"Akaniambia: nisuke vizuri, ndogondogo, zifike hadi shingoni. Jeanine atanipiga foto kesho," alisema Bintu. "Tulimaliza jua likizama. Ndivyo tulivyomzika, mutoto wangu. Alikuwa mzuri kabisa."

Alifikiri ananifariji. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Tangu siku hiyo nikipita mbele ya kabati lile nageuza macho.

Hayo ndiyo yangu, Yaya. Picha ilikuwa yako, aliiomba kwa ajili yako, nami nilikunyima. Sitaki kusema ni vita tu. Vita imetuchukua Maman. Foto nilikunyima mimi.

Papa ndiye aliyeiteremsha albamu, wiki mbili zilizopita. Alikuwa anatafuta betri za redio. Akaikuta, akaifungua juu ya magoti, akaanza kuingiza vidole katika ile mifuko mmoja mmoja.

"Hivi vyote viko tupu kwa nini?" aliniuliza.

Nikamwambia kila kitu, kama nilivyokuandikia. Nilidhani atanifukuza. Maji yakachemka na kumwagika juu ya makala, na hakuna aliyesimama.

"Miaka makumi ine niliamka karibu naye," akasema mwishowe. "Ukiniuliza leo alikuwa anaanza kuvaa kiatu gani, cha kushoto ao cha kuume, siyui. Hauko peke yako, Jeanine."

Halafu akanirudishia albamu. "Piga hawa benye banabakia," akasema, yaani sisi tuliobaki.

Basi nimeanza kuipanga. Ile mifuko mipana nimeiachia picha. Nje hatuthubutu kutoa kamera, barieri za barabarani ziko nyingi na askari akiona kamera hukosi maswali, kwa hiyo picha zote zitakuwa za uani na ndani. Mifuko midogo nitaitia vitu: karatasi ya pakiti ya sigara ambayo Maman aliandika nyuma yake vitu vya kununua katika soko la Kadutu, chumvi, kitunguu, kiberiti, mafuta, na neno "mafuta" amelirudia mara mbili. Kipande cha kile kikwembe cha bluu sina, alikwenda nacho, lakini nimekata pindo la kile cha kijani alichofungia kichwa akipika. Sagesse amenipa zoezi lake la hesabu lenye alama mbaya, nikamuuliza kwa nini si lile zuri, akasema hili ndilo la kila siku. Jinsi ya kukaanga sambaza nitaiandika kwa mkono. Nilijaribu kwa mashine ya ofisini ikatoka kama barua ya kumfukuza mtu kazi. Kuna ukurasa mmoja wa maji, na mmoja wa koroboi kwa siku ambazo hatuna kuran, umeme umekatwa. Mengine bado sijui. Kila Jumapili baada ya misa nakaa mezani na kuandika kikadi kimoja, hata kama wiki nzima hakuna kilichotokea ila kula na kulala salama.

Naomba unisaidie kwa jambo moja. Mimi asubuhi ile ya mlango wa jiko imenifunikia Maman mzima. Nikitaka kumkumbuka siku nyingine, narudishwa pale pale, natafuta kiatu. Wewe hukuwepo, kwa hiyo labda kwako bado yuko wa siku nyingi. Niandikie moja. Isiwe ndoa wala ubatizo. Siku ambayo alikutuma mahali, au alikugombeza, au mlikaa tu. Nitaitia mle kwa mwandiko wako. Na ile picha ya ndoa, tafadhali tengeneza kopi, Papa amekubali hata kama Maman amefunga midomo.

Ukiwa na hasira, niandikie hiyo kwanza. Usimwambie Emile, usimpitishie Masera maneno. Niandikie mimi.

Msalimie sana shemeji Grégoire, na umbusu Patrice kwa niaba ya mama zake wadogo wote wa Nguba, hata wasiomjua. Maman mudogo Bintu anakusalimu. Mtoto amempa jina la Domitille, la Maman, na sasa shingo yake imekaza. Emile na Sagesse wanakusalimu. Mungu aliyewavusha ninyi mbali awalinde huko, na atujalie sisi tuliobaki siku nyingi ambazo hazina habari.

Ndani ya bahasha utakuta picha tatu za kwanza. Willy wa studio alizisafisha juzi, nyingine ziliungua kwa mwanga. Ya kwanza ni Sagesse na bidoni. Ya pili ni jiko letu lenyewe, asubuhi. Ya tatu ni Papa ananyoa dirishani, na fulana, na povu hadi masikioni. Alipoiona aliniagiza niichane, akasema mutoto hapashwi kumuona baba yake hivyo, nimngoje avae koti tupige nyingine.

Nimeituma.

Mdogo wako anayekupenda na anayekungojea umjibu,

Jeanine