Jina Langu ku Tablo

Neema mujukuu wangu,

Hapa Kasha tuko wazima. Tantine yako, binti yangu, alizaa mutoto mwanamuke, tukamupa jina lako.

Unauliza namna gani shefu wa klasi anaweza kufanya wenzake washike lengo la mwaka. Mimi pia nilikuwa shefu. Lengo letu lilikuwa moja: hakuna kuchelewa tena. Kila asubuhi niliandika kwa chaki ku tablo majina ya wenye kuchelewa, nao wakanichukia.

Siku moja mvua ikanikamata njiani. Niliingia nimechelewa, nimelowana, klasi yote ikaangalia mukono wangu. Nikashika chaki, nikaandika jina langu, tena kwa herufi kubwa.

Kesho yake, mubishi kupita wote kati ya wale wenye kuchelewa alinipita ku mulima, akikimbia asichelewe.

Shika chaki, mama.

Koko wako