Kuramochi Ananyoosha Kidole

Muroran, 19 Aprili

Baba,

Natumai u mzima huko Abashiri na baridi imeanza kukuachia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema uvae ile fulana ya ndani hata jua likiwaka, asije akasikia umelazwa kwa ubishi.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Jumapili haikutufaa. Ulisema "Ee," nami nikasema "Ee," halafu tukasikilizana tukipumua mpaka ukasema chai yako inapoa. Nikishika kalamu mimi ni mtu mwingine kabisa.

Basi, sekondari ya juu nimeanza, na nimeanza vibaya. Siku ya kwanza kila mmoja alisimama kujitambulisha. Nilikuwa nimejiandaa tangu Machi mbele ya kioo, hata mzaha mmoja nilikuwa nao. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikainama kwa heshima, paji la uso likagonga dawati. Mzaha ukaniruka. Nikasema, "Asanteni kwa chakula," nikaketi. Hakuna aliyecheka, Baba, na hilo ndilo lililoniuma.

Viti tuligawana kwa kura ya bahati. Mimi nikapata cha nyuma kabisa, dirishani. Katika katuni zote ninazotazama, anayekaa pale ndiye shujaa, na watu humjia wenyewe. Mpaka leo hajanijia mtu. Amekuja kunguru.

Mchana nakula chakula changu chooni, chumba cha mwisho. Mama hajui, usimwambie. Wewe ukiogopa watu unafanyaje?

Binti yako,
Kozue


Abashiri, 2 Mei

Mwanangu Kozue,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua, na huo ni wa ukoo wetu, utaurithi. Fulana nimevaa.

Barua yako nimeisomea ndani ya gari langu, ndiko ninakokula chakula cha mchana tangu nihamishiwe huku. Madereva wenzangu hula pamoja, wanapiga soga za besiboli. Nikiingia wananyamaza kwa adabu, nami nanyamaza kwa adabu, panakuwa kama msibani. Kwa hiyo sikucheki ng'o.

Umeuliza ninafanyaje. Kazi yetu ya kuendesha treni unaijua: unavaa glavu nyeupe, unanyoosha kidole kwenye taa, unatamka kwa mdomo wako mwenyewe, "Taa, kijani!" Kisha "Milango, imefungwa!" Juzi ilikuwa "Kulungu, mmoja, relini!" Mtu mwenye hofu huona visivyokuwepo. Ukikinyooshea kitu kidole na kukitaja, unaona kilichopo tu. Siku niliyopewa treni peke yangu nilitaka kushuka nikimbie, mpaka nilipotamka taa ya kwanza, basi nikatulia.

Jaribu. Nakutumia jozi ya glavu zangu za akiba, ni safi.

Baba yako


Muroran, 24 Mei

Baba,

Habari za siku? Sisi wazima, kwa upande wa mwili. Glavu zilifika.

Jumatano ilikuwa zamu yangu ya kuliamuru darasa limsalimu mwalimu asubuhi. Nikavaa glavu, nikasimama. Nikanyoosha kidole: "Mlango, wazi!" Nikanyoosha tena: "Mwalimu, yupo!" Mwalimu Hirosawa akajitazama kama anahakikisha. Hofu ikaanza kupungua kweli, nami nikakolea. "Simameni!" Wakasimama. "Inameni!" Wakainama, mwalimu naye akainama, nami nikainama nao. Huko chini neno la tatu, "Ketini," likanipotea.

Darasa zima likabaki limeinama, Baba. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Mwishowe sauti ikatoka huko huko chini: "We Kuramochi, tutaota mizizi huku!" Alikuwa msichana aitwaye Orikasa Tsugumi, hakuna mwenye mdomo kumzidi. Nikababaika, nikamnyooshea kidole nikapaza sauti: "Orikasa, yupo!"

Sasa naitwa Stesheni. Nikipita ukumbini wananiuliza, "Stesheni, treni ya saa ngapi hiyo?"

Ndani ya bahasha utakuta fomu ya kuhamia shule ya masomo kwa posta, ile ya kusomea nyumbani. Muhuri wa familia, ule wa kutilia saini, uko kwako, na lazima upigwe kabla ya likizo ya kiangazi. Mama amesema uamuzi ni wako na wangu. Nakuomba usinikatalie. Nimechoka kunuka dawa ya choo.

Binti yako,
Kozue


Abashiri, 27 Juni

Mwanangu Kozue,

Natumai u mzima, na nisamehe kwa ukimya. Sikuwa na hasira. Fomu ilikaa mezani, na kila nilipotoka kazini niliketi mbele yake na muhuri mkononi, kisha nikaamka kupika wali.

Leo nimeupiga. Nimetandika gazeti chini yake ili usikatike, umetoka mzuri. Fomu ni yako, uipeleke ukitaka.

Ila usidhani nimekukatia tamaa. Hili nalisema hapa kwa sababu kwenye simu halitanitoka: najivunia wewe. Mtoto anayeogopa hata kuagiza mchuzi wa kari mgahawani alivaa glavu mbele ya darasa zima akanyoosha kidole! Mimi katika umri wako ningejificha ndani ya kabati la viatu. Nilipofika pale mlipobaki mmeinama, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikafuta macho, na safari hiyo haikuwa kwa kicheko.

Kosa ni langu, sikukueleza vizuri. Yale maneno dereva hujiambia mwenyewe. Hayasemwi ili abiria wamsifu, na wakimshangaa, treni haisimami kwa ajili hiyo.

Ukihama wewe ni wangu, ukibaki wewe ni wangu.

Baba yako


Muroran, 18 Julai

Baba!

Hujambo? Mgongo je? Mimi sijambo, na mara hii siandiki kwa adabu tu.

Barua yako iliingia juma la tamasha la shule. Darasa letu lilitengeneza nyumba ya mizimu ya kutishia wageni, madirisha tukayaziba kwa mifuko meusi. Orikasa ndiye aliyekuwa mkuu wa kila kitu. Akanitazama juu mpaka chini.

"Stesheni, unaweza kukaa ndani ya boksi bila kuongea na mtu?"

"Naweza."

"Basi wewe ni maiti."

Kazi yangu ilikuwa kulala ndani ya jeneza la maboksi nisifanye lolote. Fomu ilikuwa mfukoni, nimekusudia kuikabidhi ofisini siku ya masomo itakayofuata.

Giza lilikuwa zito, na mgeni wa kwanza akaingia. Nikaogopa. Nikavaa glavu. Nikapenyeza mkono kwenye tundu la boksi, nikanyoosha kidole, nikajiambia kwa sauti ya chini, mwenyewe tu, kama ulivyonieleza: "Mlango, umefungwa. Viatu, vyeupe. Wageni, wawili."

Kumbe alikuwa peke yake. Gizani nilihesabu vibaya.

Baba, ukelele alioutoa! Alitoka mbio, kiatu kimoja akakiacha. Nikasikia huko nje anawaambia watu, "Kuna kidole! Kidole kimemwona mtu nyuma yangu!" Kufika mchana foleni ilikuwa imeteremka ngazi. Wa mwaka wa tatu walikuja wakiuliza, "Kidole kiko hapa?" Mwalimu Hirosawa aliingia akicheka, akatoka ameshika ukuta.

Tulipofunga, Orikasa akaking'oa kifuniko cha jeneza langu.

"We Stesheni! Nani kakufundisha hii?"

"Baba yangu."

"Baba yako ni mzimu?"

"Ni dereva wa treni."

"Treni ya wapi hiyo, ya ahera?"

"Ya Abashiri!" nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Na hajawahi kupita taa nyekundu hata moja!"

Wote wakageuka kunitazama. Nikaona fahari, Baba. Nilitaka wasikie.

Lakini tamasha ni tamasha, na shule ni shule. Masomo yaliporudi nilichukua chakula changu nikaenda chooni kama kawaida, fomu bado mfukoni. Sijafungua kifuniko cha chakula, mlango ukapigwa teke.

"Stesheni! Mayai ya mama yako yananukia mpaka huku nje. Mimi nimefungiwa wali na plamu ya chumvi tu, mama yangu kachelewa kuamka. Toka tubadilishane."

"Sasa hivi?"

"Hapana, mwakani! Toka bwana!"

Nikatoka. Tulikula madawati yetu yakiwa yamegusana. Sikumbuki nilisema nini, lakini alisema nanyamaza vizuri, na kwamba dada zake hawajui kunyamaza.

Fomu nimeichana. Nisamehe kwa ajili ya muhuri, ulikuwa umekaa vizuri sana.

Binti yako,
Kozue (Stesheni)


Abashiri, 6 Septemba

Mwanangu Kozue,

Salamu za vuli ya majani mekundu, ambayo huku hufika mapema. Mimi mzima.

Mwezi uliopita nilikuandikia mara mbili na hukujibu. Mara ya kwanza nikailaumu posta. Mara ya pili nikashindwa kuvumilia, nikampigia mama yako simu mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Akashtuka, akauliza kama nimegonga kulungu.

"Nipe Kozue," nikasema.

"Siwezi, hanisikii," akasema. "Mlangoni kuna viatu vya watu watatu nisiowajua, na huko juu wanacheka mpaka vyombo vinatikisika kabatini."

Nikamwomba asikate. Akaiweka simu kwenye ngazi, nami nikakaa nikisikiliza. Sauti yako ya kucheka niliitambua, ni ile inayokwama katikati kama yangu.

Kesho yake sikwenda garini na chakula changu. Niliingia chumba cha madereva. Wakanyamaza. Nikaketi, nikafungua kifuniko, nikasema, "Binti yangu haniandikii tena."

Wakanipa pole. Mzee Tateno akanisogezea ngisi wake wa kuchoma, masikini, kwa huruma.

"Pole ya nini?" nikawauliza. "Hana nafasi! Ana marafiki!"

Nilisema kwa sauti hata mpishi wa kantini ya pembeni akachungulia. Wakataka habari yote, nikawapa: dawati, kuinama, jeneza, kidole. Tateno alicheka mpaka akakohoa, akaniambia kesho nikale karibu naye. Ngisi wake nilimla wote.

Kwa hiyo usijihangaishe kunijibu. Kila jioni nikitoka kazini nafungua sanduku la barua, nakuta hamna kitu, napanda ngazi kifua mbele.

Baba yako