Mlango wa Bibi Ung'olewe

Chumba cha pili kushoto,
Nyumba ya Mpima Macho,
Ng'ambo.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hali yako vipi, na goti linasemaje? Usinidanganye kwamba limepona, nakujua. Wewe hata ukilazwa utasema unapumzika tu. Bibi je, anakula? Bado anawagombeza kuku kama watu wazima? Mwambie sipitishi siku bila kumwombea. Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu. Moyoni ni sijambo ya mdomoni tu.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kwamba fundi amekwisha weka mlango kwenye chumba cha Bibi, kama nilivyoshauri. Shangazi, niliposoma hapo niliiweka barua chini, nikachukua kalamu. Ngoja nikueleze, kisha utaamua mwenyewe kunitukana au kunihurumia.

Mafunzo ya kuoka mikate yanaendelea vizuri. Naingia kazini alfajiri, saa nane mchana nimesharudi, unga mpaka kwenye nyusi. Saa hiyo Mama mwenye nyumba hayupo. Yeye hupima watu macho dukani kwake na harudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Aliyekuwa akibaki ni baba yake tu, mzee aliyefanya kazi ya ufundi viatu maisha yake yote. Chumba chake na changu ukuta ni mmoja, wa mbao.

Watu wa hapa si wabaya, nisije nikawasingizia. Walinipokea kwa blanketi mbili na taulo iliyotariziwa jina langu. Ila salamu yao ni neno moja, basi, kila mtu na hamsini zake. Mgeni anakuja kwa miadi hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Wiki ya kwanza nilimuuliza Mama mwenye nyumba ameamkaje, usingizi ulikuwaje, dukani hawajambo. Akaniangalia kana kwamba mimi ni askari namhoji.

Babu ndiye niliyezoeana naye. Jina la Kiherehere hukunipa bure. Kila nikirudi nafungua mlango wake, naingia, shikamoo Babu, nakaa kitandani kwake, nampa mkate wa moto. Siku moja akaniinua mguu, akakivua kiatu changu bila hata kuniomba, akakigeuza. "Wewe unatembea umeegemea kushoto," akasema. "Ulibebeshwa nini utotoni?" Nikamwambia maji, na wadogo zangu. Akacheka mpaka akakohoa, akakishona upya. Ndivyo viatu nilivyovaa sasa hivi.

Kumbe naharibu. Jioni moja Mama mwenye nyumba aliniita mezani. Aliniambia kwa upole kwamba baba yake ni mtu mzima, ana haki ya kukaa peke yake, na mlango uliofungwa haufunguliwi mpaka mwenyewe akuite. Kesho yake nikayakuta maneno hayo yameandikwa kwenye karatasi, imebandikwa jikoni. Aibu niliyoipata, we! Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifinya sikio: hodi mara tatu, usipoitikiwa geuka urudi. Nikajiambia, kiherehere chako umekivusha mipaka mpaka huku. Nikaacha. Tena nikaona ndio ustaarabu wenyewe, ndipo nikakuandikia kwamba Bibi naye awekewe mlango, watoto wasiingie kwake ovyo.

Lakini Babu yeye hakuacha. Nilikuwa nimeshamfundisha mambo ya hodi na karibu, akayapenda kama mtoto. Basi akawa anagonga ukuta kwa nyundo yake ndogo, ngo ngo ngo, nami kutoka kwangu naitikia, "Karibu, Babu!" Namsikia anacheka peke yake. Hatuonani, lakini tumeamkiana. Mchezo ukawa huo kila siku nikirudi.

Jumanne ya wiki iliyopita nilirudi nimechoka hoi. Nikavua aproni, nikajilaza. Ngo ngo ngo. Nikaitikia, "Karibu, Babu!" Kicheko sikukisikia. Baada ya kitambo tena, ngo ngo ngo, chini kabisa, karibu na sakafu. "Karibu!" Ya tatu ilikuja polepole, nikasema, mzee leo ana raha kweli. Kisha kukawa kimya. Kimya kile hakikunipendeza, nikatoka nikasimama mlangoni pake. Nikapiga hodi mara tatu. Hakuitika. Mkono ulikuwa kwenye kitasa, Shangazi, naapa. Nikaikumbuka karatasi ya jikoni. Nikageuka, nikarudi, nikalala.

Mwanawe alimkuta saa kumi na mbili, sakafuni, ubavu kwenye ukuta wangu, nyundo mkononi. Karatasi ilisema nisubiri mwenyewe aniite. Aliniita, Shangazi. Aliniita mara tatu, kwa adabu niliyomfundisha mimi.

Mazishi hayakumaliza hata saa moja. Hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyelala matangani, na keshokutwa yake Mama mwenye nyumba akafungua duka. Kilio changu nilikwenda kukilia stoo ya unga, nimeuma kitambaa. Jioni ileile akaniambia daktari anadhani ilikuwa ghafla tu, hakuteseka. Kisha akaniuliza, "Wewe ulikuwepo. Hukusikia chochote?" Nikasema, "Hapana." Lilitoka lenyewe. Akashusha pumzi, akanishukuru. Akanishukuru! Tangu hapo kila jioni ananichemshia chai.

Leo nimeamua. Nikishafunga bahasha hii nakwenda jikoni kumwambia. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudia nyuma. Anaweza kunifukuza, na pa kwenda sina. Lakini mzee wa watu alinitengenezea kiatu. Siwezi kumfukia kwa uongo.

Nawe mwite fundi leo hii hii. Mlango wa Bibi ung'olewe, na bawaba zake. Watoto waingie kwake, wamsumbue, wamwagie uji kitandani. Akilalamika kwamba hapumui kwa kelele zao, mwacheni alalamike. Na mkisikia anagonga kitu, msiitikie mkiwa mbali. Nendeni.

Nisalimie Mjomba wa cherehani, Mama Mdogo na pacha wake, na Kadogo mwambie barua yake nitaijibu moyo ukitulia. Bibi mshike mkono kwa niaba yangu, umshike kwa muda. Mungu awafunike nyote, na awajalie msikose wa kuja mnapoita.

Wako akupendaye,
Kiherehere

Nimeifungua tena bahasha. Nimemwambia. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Baba aligonga mara ngapi?" Nikasema mara tatu, tena tatu, tena tatu. "Na wewe ulimjibu nini?" Nikasema, "Karibu." Akauliza maana yake. Nikamwambia. Akainuka, akaenda chumbani kwa baba yake, akafunga mlango. Nikasimama pale nje, nikapiga hodi mara tatu. Kimya. Nikashika kitasa, nikaingia. Alikuwa ameketi sakafuni, palepale penye ukuta, analia kwa sauti kama tunavyolia sisi. Ameniambia nihame mwisho wa mwezi. Kisha akaniambia nikae pale sakafuni, karibu naye.