Mfuko Uliofungwa Februari

Jumatatu, 8 Januari 2024

Barua pepe kutoka kwa Rhonda, anayepima kama mfuko mpya wa akiba ya uzeeni wa kliniki yetu ya wanyama unafuata sheria. Anataka nijibu upya swali la tisa la fomu yake: je, kliniki ilikuwa na mfuko mwingine kabla ya huu? Nilishajibu Hapana mwezi Novemba. Wa zamani tuliufunga, kila mtu akapewa chake, yakaisha. Mbona anauliza mara ya pili?

Jumanne, 9 Januari

Nimempigia. Nikauliza juu juu tu — hivi, mfuko uliofungwa nao unahesabiwa? Akasema ndiyo, kama fedha zililipwa ndani ya mwaka unaoishia siku ya kipimo. Kwa mfuko mpya kama wetu, siku hiyo ni 31 Desemba iliyopita. Zinarudishwa kwenye hesabu kana kwamba hazijatoka.

Tulilipa tarehe 17 Februari mwaka jana. Nimekwisha.

Bila zile za zamani, Daktari Tollefson, mwenye kliniki, na mkewe wana nusu tu ya mfuko. Zikiongezwa, wanapita asilimia sitini, tena mbali. Wenye kliniki wakipita hapo, wanalazimika kumwekea kila mfanyakazi asilimia tatu ya mshahara wake. Hata asiyechangia senti. Hata Darlene wa mapokezi — miaka kumi na tisa anabembeleza mbwa wa watu, akiba hana.

Na nani alimshauri Daktari asilipwe fedha za mfuko ule Desemba 2022, asubiri mwaka mpya ili kodi imwie nafuu? Mimi. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatano, 10 Januari

Theluji. Wagonjwa: paka wawili, sungura mmoja. Daktari sijamwambia.

Alhamisi, 11 Januari

Nimemwambia. Alikuwa ananawa baada ya kumshona mbwa wa akina Kowalke. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza kama Rhonda anajua. Bado, nikasema.

"Basi andika Hapana, Marlys. Nani ataanza kufukuafukua?"

Nikasema, Daktari, kwenye hiyo fomu kuna sahihi yangu pia. Akajifuta kidole kimoja kimoja. Banda jipya la mbwa limemkausha, anasema. Akiwalipa wote itabidi ampunguze mtu wa ofisini.

Ofisini niko peke yangu.

Mchana Darlene kaniletea bakuli la nyama na viazi vya kuoka. "Umekonda wiki hii, mwenzangu. Kula, usinitazame." Akaegemea meza yangu, kiwiko juu ya fomu yenyewe. Kisha akauliza, kwa aibu: ule mfuko mpya, mtu asiyechangia anapata chochote? "Nauliza tu, usinicheke. Sitini na saba hii, na goti limeshagoma."

Sikuweza kumwangalia. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Ijumaa, 12 Januari

Saa tatu kasoro asubuhi. Daktari ameshasaini. Kwenye swali la tisa ameandika Hapana kwa mkono wake, akaniachia kalamu juu ya karatasi. Imebaki sahihi yangu. Rhonda anaitaka saa nne.

Darlene amefika mapema kuliko siku zote. Amevuta kiti, amevaa miwani ya kusomea. Anasema, "Niambie tu, hata kama ni mabaya, sitalia."