Upande wa Pili wa Ubao

Alhamisi, tarehe sita Novemba. Huu ni mwezi wa nane tangu nitoke Bungoma. Manyunyu yalipita asubuhi, kisha jua likatoka na Mtopanga yote, hapa Mombasa, ikawa kama sufuria iliyofunikwa. Nimeoga mara mbili na bado natoka jasho.

Leo mguu wangu umeponea chupuchupu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Mke wangu, mama Simiyu, nikimwambia hatalala. Na Simiyu mwenyewe nimemwahidi kwamba Krismasi tutaupasua ule mkaratusi ulioangushwa na upepo, mimi na yeye, kwa msumeno wa babu yake. Ni msumeno wa watu wawili, mmoja huku mmoja kule. Kazi hiyo haifanywi na baba wa mguu mmoja.

Hapa kwenye ujenzi nakata mbao za fomu, zile zinazoishikilia zege mpaka igande. Tangu mwanzo nimekata na Kazungu, jamaa wa Kaloleni. Mimi nasukuma msumeno wa umeme, yeye anashika upande wa pili wa ubao, na mdomo wake haupumziki. Ananiita shemeji, ati nina dada ambaye hajaonyeshwa. Jumatatu alikwenda matangani, shangazi yake amefariki, na matanga ya kwao hayaishi upesi. Sikujua kelele za mtu mmoja zinaweza kuacha shimo kubwa hivyo.

Ule msumeno una kinga ya chini, kifuniko cha chuma kinachojirudisha chenyewe na kuyafunika meno ukimaliza kukata. Tulikikuta kifuniko kimefungwa nyuma kwa waya wa kufungia nondo. Mafundi wengi huku hufanya hivyo, wanasema kinakwama na kuchelewesha kazi. Mimi nami nikakiacha. Nilikuwa mgeni, na mgeni haanzi kwa kuwakosoa wenyeji.

Basi leo nikalaza ubao juu ya marundo mawili ya matofali, nikaukandamiza kwa goti. Hilo goti ni la baba yangu. Yeye alikata hivyo maisha yake yote, ubao chini ya goti, msumeno mkononi. Lakini msumeno wa mkono ukikwama, unasimama. Huu wa umeme ukikwama, unatafuta pa kwenda.

Nilipofika katikati hapakuwa na Kazungu wa kuushikilia upande wa pili. Ubao ukabonyea, ukayabana meno, msumeno ukaruka kunirudia. Kidole kilikuwa kimeshaachia swichi, ila meno yalikuwa bado yanazunguka, wazi, bila kifuniko. Yakapita juu ya goti na kuichana suruali.

Nilikaa kwenye unga wa mbao, nimeushika mguu kama mguu wa mtu mwingine.

Hakuna aliyegeuka. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inanguruma, kila mtu ameinamia lake.

Msimamizi wetu, Bwana Salim, mtu wa Likoni, alipita baada ya sala ya alasiri akaiona suruali.

"We wa bara, umefanya nini hapo?"

"Msumeno umeruka, bosi."

"Subhanallah! Na mguu?"

"Mzima."

"Na lau usingekuwa mzima, tungempigia nani? Jina lako hasa nani wewe?"

"Wekesa."

Akashika kiuno. "Miezi yote hii nakuita wa bara, nawe waitika tu! Wallahi, hata mbuzi wangu wana majina."

Tulicheka. Kisha akatoa simu, akataka namba ya mke wangu. Akaihifadhi huku naangalia: Mke wa Wekesa. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitetemesha, si meno ya msumeno.

Nikamwambia nataka kuufungua ule waya.

"Ufungue," akasema. "Mwenye haraka na aje ashike yeye."

Nikachomoa plagi kwanza. Nikaukata waya, nikakisugua kifuniko kwa brashi na kitambaa. Kilikuwa kimeganda utomvu na vumbi la saruji, ndiyo maana kilikuwa kinakwama. Uchafu tu. Baada ya hapo kikawa kinarudi chenyewe kwa mlio mdogo, kama mlango wa kabati.

Ubao nikaulaza chini juu ya vipande vinne vya mbao, viwili kila upande wa mstari, ili ukikatika usiwe na pa kubonyea. Meno nikayapandisha mpaka yakawa yanachungulia kidogo tu chini ya ubao. Nikasimama kando ya njia ya msumeno, mikono yote miwili juu yake, na sikuuinua mpaka meno yaliposimama kabisa.

"Wakata mbao hapo au wamnyoa bwana harusi?" fundi mmoja akapiga kelele kutoka juu ya jukwaa.

"Namnyoa!" nikamjibu. "Na wewe ndiye unayefuata!"

Nilikata polepole hadi jioni. Mbao ni chache kuliko za jana, na kesho huenda nikasemwa. Acha nisemwe.

Mama Simiyu amepiga simu sasa hivi. Ameuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Ameniambia mtoto amewakataza watu wote kuugusa ule mkaratusi. Nimemwambia aupake msumeno wa babu mafuta usishike kutu. Habari ya suruali sikumwambia. Nimeishona kwa mkono, vibaya, ataiona mwenyewe atakapoifua.

Kazi ikifungwa wiki ya Krismasi, napanda basi siku hiyohiyo. Simiyu, upande wa pili ni wako.