Kikohozi Nilichokikata

Kaka Rashidi,

Nikikuuliza habari za huko utanicheka, kwa hiyo sikuulizi. Ni mimi, Anjela, mwimbaji wako, yule uliyempa cheo cha mkuu wa mitambo bila kumwongezea hata soda. Ninakuandikia kwa mkono, kwenye karatasi za kazini. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Leo ni Alhamisi, siku ya mazoezi, na sijaenda. Nimewaambia wenzangu kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Jana nilikwenda nyumbani kwako kwa wifi Zuhura nikamsikilizisha kitu, na tangu nitoke pale sina wa kumweleza isipokuwa wewe. Na wewe mwenyewe ndiye niliyekukosea.

Ngoja kwanza nikupe habari, maana ulikuwa unapenda habari kuliko chakula. Bendi ipo. Tumempata mpiga gitaa mwingine, mtu mzima wa Mbagala. Anapiga vizuri, na kila akipiga vizuri namchukia. Kule karakana ya samani Keko, meza yako ya kupigia msasa wamempa mtu mwingine. Baada ya wewe kuondoka watu wa afya walikuja wakatupima bendi nzima, wakamkuta nacho Zakayo wa drams. Kifua kikuu kile kile. Zakayo anameza dawa kila asubuhi, na sasa mashavu yamemjaa, anadai suruali zinambana. Dawa zenyewe ni za bure, kaka. Zinatolewa pale kituo cha afya, unakwenda kwa mguu na kurudi kabla chai haijapoa. Nikimwangalia Zakayo anavyonenepa nafurahi, halafu nakwenda chooni kulia.

Sasa nije kwenye rekoda.

Unakumbuka ulivyokuja nayo. Tulikuwa tumetoka kupiga harusi moja Mbweni tukaharibu, na kwenye ukumbi wetu wa Chang'ombe kila mtu alikuwa anamnyooshea mwenzake kidole. Ukatoa mfukoni kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kina kofia ya sponji kichwani, ukakiweka juu ya kreti la soda. Ukasema, "Pigeni. Leo tujue mchawi ni nani." Tukapiga, tukajisikiliza. Mchawi nilikuwa mimi, nilikuwa nawahi kuingia kwenye ubeti wa pili. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukanikabidhi rekoda ukisema, "Haya, mchawi atunze tunguri zake." Tangu siku hiyo ikawa yangu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba ukiikunjia khanga chini yake haitetemeki drams zikilia.

Lakini mazoezi yalikuwa ya saa tatu na rekodi ilikuwa nzito. Wenzetu kwenye grupu la WhatsApp wakaanza kulalamika kwamba inawamalizia bando. Kompyuta ninayo kazini, pale steshenari, na wateja wa fotokopi wakipungua mchana nakuwa sina la kufanya. Nikaanza kukata. Zakayo akikaza nati zake, nakata. Watu wakibishana, nakata. Utani wako, nakata. Zikabaki nyimbo tupu. Halafu ile rekodi ndefu naifuta, ili kadi ipate nafasi ya mazoezi yanayofuata. Wewe na simu yako ya kitochi hukuwa na WhatsApp, kwa hiyo nilikuwekea nyimbo kwenye flashi, ukawa unazipeleka nyumbani kusikiliza kwenye sabufa. Ulinisifia. "Dada, una mkono msafi."

Hukuwa unaimba, kaka. Hata kiitikio ulikuwa hufungui mdomo, ulisema mdomo wako uko vidoleni. Sauti yako ilikuwa inasikika kati ya wimbo na wimbo tu. Na mwisho kabisa wa mazoezi ulikuwa unaiinamia rekoda na kusema, "Zima dada, betri sio za baba yako." Kila wiki ulisema. Kila wiki nilikata.

Kikohozi kilianza na mvua za vuli. Ulisema ni vumbi la mbao, na sisi tukakuamini, kwa sababu ulikuwa unafika mazoezini na vumbi kwenye nyusi. Mwanzoni ulikibana mpaka wimbo uishe, ndipo unakiachia. Hicho kilikuwa rahisi kukikata. Kikaja kukushinda katikati ya wimbo. Basi nikawa naitupa ile tuliyopiga nachukua nyingine. Ilipofika masika, wimbo mmoja tunaupiga mara tano na naupata mara moja tu bila wewe kukohoa. Kazi ya kukutafuta ukiwa mzima ilikuwa inanichukua mchana wote. Nilikuwa nakaa na hedifoni masikioni, nakisikia kinavyozidi kushuka chini kifuani kwako wiki baada ya wiki, na sitakudanganya, sikuwaza hospitali. Niliwaza rekodi.

Siku uliyolazwa daktari alituuliza, "Ameanza kukohoa lini?" Wifi akaangalia sakafu, akasema hajui vizuri, labda mwezi. Mimi nilikuwa nimesimama kando na mkoba wangu, rekoda imo ndani. Nilikuwa najua. Ningeweza kumtajia daktari wimbo wenyewe. Nikafunga zipu ya mkoba. Siku ya kumi na tisa wakatuita kukuchukua.

Ilipopita arobaini yako, wifi alinifuata steshenari. Alisimama pale kaunta akasubiri wateja wapungue. Akaniambia, "Wifi, sauti yake inanitoka. Sura naiona, ila sauti inanitoka. Nuru ananiuliza baba alikuwa anaongeaje, nashindwa hata kumuigizia. Wewe ndio mwenye rekoda. Nipe hata akiwa anagombeza." Nikamjibu haraka, tena kwa furaha, kwamba ninazo nyingi, aniachie siku chache nimjazie flashi.

Siku ile ile akanieleza jambo, wala hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anakukumbuka tu. Akasema, "Mie nilimwambia sana akapime. Kila nikimwambia, ananiwashia sabufa na zile nyimbo zenu. Anasema haya sikiliza, saa nzima hii, nimekohoa wapi? Mgonjwa anapigaga hivi? Nikasikiliza, na kweli hakohoi. Nikasema basi hiki kikohozi ni cha humu ndani. Ni mkaa wangu." Akatoa jiko nje. Akawa anapika uani, jua likiwaka, mvua ikinyesha. Akaniambia huku anajifuta kwa ncha ya mtandio, "Mie ndio nilimmaliza na moshi wangu, wifi." Nikamwambia asiseme hivyo. Nikamletea maji. Sikumwambia kwa nini asiseme hivyo.

Hivi ulijua kwamba nakikata, kaka? Nimejiuliza sana. Ulikuwepo ukumbini, ulijua umekohoa. Ukaichukua flashi yangu ukaenda kumshindia nayo mke wako. Au na wewe ukiisikiliza ulikuwa unaamini? Nina hasira na wewe pia, nikuambie ukweli. Ila ya kwako ni ndogo.

Nikafungua mafaili yote. Gitaa. Jingine, gitaa. Nikasikiliza siku tatu mfululizo, wateja wananisemesha sisikii. Gitaa lako limejaa, tamu, safi, na wewe mwenyewe hupo hata kwa neno moja. Nilikuwa nimekufuta kwa mikono yangu, wiki kwa wiki, nikasifiwa.

Ilibaki moja tu. Mazoezi ya mwisho sikuwahi kuyakata, kwa sababu wiki ile ulilazwa na hakuna aliyeniuliza nyimbo. Humo umo mzima mzima. Unauliza nani kala kachori zako. Unabishana na Zakayo. Unanitania kuhusu viatu vyangu. Na unakohoa, kaka, unakohoa mpaka nilivua hedifoni. Baada ya wimbo wa tatu ikaja sauti yangu, kali, kama naongea na mtu aliyemwaga maji kwenye karatasi: "Kaka Rashidi, hebu kakohoe nje huko, unaniharibia rekodi!" Na wewe: "Sawa mkuu wa mitambo, samahani." Miguu inaburuzika, mlango. Tunaendelea na kiitikio bila wewe, na chini ya kiitikio, upande wa dirishani, unasikika. Rekoda yako ilikuwa na masikio mazuri. Hakuna aliyesimama. Baadaye mlango tena, na wewe unasema, "Haya, mie mzima. Tuendelee."

Kuitoa ile sentensi yangu ni kazi ndogo kuliko kutoa fotokopi ya kitambulisho. Nikaitoa. Nikatoa na vikohozi, nikaacha kachori, viatu na utani. Ikapendeza. Nikaiweka kwenye flashi, na jana nikaenda nayo. Rekoda nayo ilikuwa mkobani, ile rekodi nzima bado imo, sijui niliibebea nini.

Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba. Wifi nilimkuta uani, amechuchumaa mbele ya jiko chini ya kipande cha bati, mwavuli ameubana shingoni ili maji yasiingie sufuriani. Nyumba ipo, mlango uko wazi, ndani pakavu. Aliponiona akasema, "Karibu wifi. Pita huku, moshi usikupate."

Hapo nikashindwa. Flashi ikabaki mkobani.

Tuliingia ndani. Nuru alikuwa kwa jirani, nashukuru. Nikakunja khanga juu ya stuli, nikaweka rekoda juu yake, kama tunavyofanya. Uliposema neno la kwanza wifi alifunga macho. Kwenye kachori akacheka, akasema, "Muongo, alikula mwenyewe." Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Halafu ukaanza kukohoa, na akafumbua macho. Halafu nikaja mimi.

Sikumtazama. Nilitazama miguu yangu, viatu vile vile ulivyovitania. Rekoda ikiwa inaendelea nikamwambia yote. Kwamba kila flashi uliyomletea nilikuwa nimeshakitoa kikohozi. Kwamba haikuwa mkaa. Akaniuliza neno moja, "Tangu lini?" Nikasema tangu vuli. Kisha akaomba nirudishe pale dirishani. Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa, akasema, si kwangu, "Kumbe na huko alikuwa anakohoa."

Akainuka akatoka. Nilidhani anakwenda kuwaita majirani. Akarudi ameshika jiko kwa matambara, makaa yanawaka, akaliweka ndani pale karibu na mlango lilipokuwa zamani. Akaenda kuchukua sufuria. Akakoroga. Kwa mgongo akaniambia, "Kiache hicho kidude hapo. We nenda, Anjela."

Miaka yote ananiita wifi. Hata siku tulipokuwa tumenuniana kuhusu sare za kitchen party aliniita wifi.

Nikatoka, lakini sikufika mbali. Nilisimama chini ya ule upenu upande wa dirisha lenu, mvua inanidondokea begani, nikaendelea kuisikiliza. Nyimbo ziliisha. Watu wakacheka. Ukaja karibu, ukasema, "Zima dada, betri sio za baba yako." Ndani hakuna aliyezima.

Kaka, msamaha siuombi leo. Wa kwanza kuombwa ni yeye, na jana hakuwa na nafasi ya kunisikiliza, alikuwa anapika. Ninachoweza kukuahidi ni vitu ambavyo mikono yangu inaviweza. Nitarekodi kwa simu, na sikati tena. Wenzangu walalamike bando mpaka wachoke. Na mtu yeyote akikohoa mazoezini nasimamisha wimbo, tena palepale, na kesho yake namsindikiza mwenyewe kupimwa.

Na jingine. Zile betri nilizoziacha hazifiki Jumapili, nawajua vizuri wale wadudu. Wifi ataiwasha, itagoma, na atakaa nayo mkononi hajui la kufanya. Kwa hiyo Jumamosi nitampelekea betri. Nitapiga hodi. Asipofungua nitaziweka kizingitini niondoke, na Jumamosi inayofuata nitarudi na nyingine, hata kama kamwe hataniita wifi tena. Betri zangu mwenyewe, kaka, si za baba yangu.

Pumzika sasa. Kohoa unavyotaka, hakuna anayerekodi.

Dada yako,
Anjela